Gramu Mia Tatu na Kumi na Mbili

Jumatatu, 3 Juni

Kengele kaniita ofisini. Kengele ni Mkuu wetu wa shule — mama anayeamka kwa kengele, anakula kwa kengele, na akikasirika anatembea kama anaikimbilia. Jina nimempa mimi na halijatoka nje ya daftari hili. Anataka ukuta wa maabara uwe na ubao wa istilahi arobaini za vipimo na afya kabla ya mtihani wa vitendo, tarehe 15 Julai. Herufi kubwa, maana fupi. Kasema mtoto akiinua macho akutane na sayansi. Nimeanza leo leo.

Tungamo — kiasi cha maada kilichomo ndani ya kitu. Uzito — nguvu inayokivuta kitu hicho kwenda chini.

Hivi viwili watu wanavichanganya tangu enzi na enzi. Hata mke wangu. Juzi nilimsahihisha sokoni mbele ya muuza viazi, hakunisemesha mpaka jioni!

Wanafunzi wananiita Desimali. Wanadhani sijui. Si jina baya, kuna mwalimu hapa anaitwa Kiazi.

Binti yangu yumo darasani mwangu mwaka huu. Nimemweka meza ya nyuma kabisa, pale karibu na sinki, asije mtu akasema mwalimu anampendelea mwanawe. Kanuna siku mbili. Atazoea.

Jumamosi, 8 Juni

Siku mbaya. Niandike ilivyokuwa, kisha niisahau.

Nilikwenda shuleni kutundika ubao. Shule tupu, tulikuwa mimi na Mzee wa Maabara tu. Huyu ndiye mtunza vifaa wetu, miaka thelathini kazini, kila chupa anaijua hata akifumba macho. Akaniambia, Mwalimu, iteremshe kwanza hiyo baromita, ukuta huu hauna adabu. Nikasema haina haja. Nyundo ya tatu — baromita ikachomoka kwenye ndoano. Bomba la kioo likapasuka, zebaki yote ikamwagika sakafuni, pale pale meza ya nyuma. Shanga za fedha, mamia, zinakimbizana.

Mzee akapiga kelele, usifagie! Alitaka tuokote moja moja kwa karatasi ngumu na bomba la sindano, madirisha wazi, halafu tubandue mbao za sakafu tuone kilichoingia chini. Kubandua mbao! Kwa hiyo Jumatatu Kengele aikute sakafu imefumuliwa na mimi nimesimama katikati? Nikachukua ufagio mwenyewe. Nilifagia mimi, si yeye. Kila nilipofagia shanga moja ikawa kumi, na zile ndogo zikawa zinaingia kwenye nyufa za mbao kama zimeitwa.

Tuliyoizoa niliipima. Gramu 588. Kitabu cha vifaa kinasema baromita ilikuwa na gramu 900. Pungufu: 312. Nikarudia mara tatu — 588, 588, 588. Nikaandika pembeni: tofauti imetokana na kosa la upimaji, mizani ni ya zamani. Mzee akaguna.

Kwenye kitabu cha Mkuu nimeandika: baromita imepelekwa kwa fundi. Nani atauliza? Hapa mvua inajulikana kwa kuchungulia dirishani, si kwa baromita.

Jumatano, 12 Juni

Somo zuri! Kuanzia leo kila Jumatano darasa linajipima: tungamo, urefu, halijoto ya mwili, mapigo ya moyo kwa dakika. Jedwali kubwa ukutani, chini ya ubao wa istilahi. Watakapofika kwenye mtihani, vipimo vya afya watakuwa wanavisoma kama majina yao.

Tumejadili istilahi ya kumi na nne. Wastani — jumla ya vipimo ikigawanywa kwa idadi yake. Mcheshi mmoja wa mbele akasema wastani wa darasa hili ni njaa. Nilicheka kabla sijakumbuka kukunja uso.

Wastani wa mapigo: 74. Binti yangu: mapigo 72, kilo 46.5. Afya tele.

Kipupwe kimeanza vibaya. Madirisha yote yamefungwa na bado wale sita wa meza ya nyuma wanatetemeka. Roho ikaniuma. Nimehamisha hita ya umeme kutoka mbele nikaiweka chini ya meza yao. Wamenipigia makofi. Mwalimu kupigiwa makofi na kidato cha nne si jambo la kila siku.

Jumatano, 19 Juni

Vipimo. Wastani 77. Meza ya nyuma wote zaidi ya 84. Niliwaambia waache kukimbizana kabla ya kipindi. Wakaapa hawakukimbia.

Mzee wa Maabara amegombana na mpishi, na mlinzi, na mwalimu wa kemia — wote ndani ya wiki moja. Mtu mpole kama yule! Analala kwenye chumba cha vifaa mchana, kule nyuma ya sinki. Uzee.

Jumatano, 26 Juni

Meza ya nyuma wananiharibia jedwali.

Mapigo 96, 102, 98, 99, 104, 101. Mbele wote wako 73, 75, 76. Nikawaambia hesabuni upya. Wakahesabu upya, yale yale. Nikahesabu mimi mwenyewe kwa saa yangu, kidole changu kwenye mkono wa binti yangu. 99. Nikasema labda mmekunywa chai kali. Hapana, Mwalimu. Kilo nazo zimeshuka, wote sita. Binti yangu 45.0.

Nikawafundisha istilahi ya ishirini na mbili. Kosa la nasibu — tofauti ya vipimo inayotokea ovyo, mara juu mara chini, bila mpangilio. Nikasema vipimo vya namna hii mwanasayansi haviingizi kwenye wastani. Nikavikata kwa wino mwekundu mbele yao. Wastani ukarudi 75. Jedwali likapendeza.

Jioni nilibaki peke yangu na mizani ya kusimamia. Nikaweka jiwe la kilo kumi, ikasoma kumi. Nikaweka mawili, ikasoma ishirini. Mizani ni nzima.

Mara juu, mara chini, bila mpangilio — hivyo ndivyo nilivyoandika ubaoni. Hawa sita wote wamepanda. Hakuna hata mmoja aliyeshuka.

Sijui kwa nini naliandika hili. Nimechoka tu.

Ijumaa, 28 Juni

Mzee kaangusha sinia zima la mirija ya majaribio. Mikono inamtetemeka, kikombe cha chai anakishika kwa mikono miwili. Nikamwuliza, Mzee, vipi? Akanijibu kwa hasira: mdomo wangu una ladha kama nimelamba ufunguo, meno yanacheza, na wewe unaniuliza vipi. Wanafunzi wakacheka.

Pombe hiyo. Nimekwenda kwa Kengele nikamwambia ninavyodhani. Sikusema nina hakika. Nilisema nadhani. Yeye akaandika "ulevi kazini" na kumpa likizo ya lazima kuanzia leo. Mzee aliondoka na kofia yake mkononi, hakuniaga.

Jumanne, 2 Julai

Nyumbani hakukaliki. Binti yangu alikuwa mtoto wa kucheka na sasa ukimwambia pitisha chumvi analia. Halali. Fizi zinamtoka damu akipiga mswaki. Mke wangu anasema ni hofu ya mtihani. Dada wa mke wangu, aliyekuja kutusalimia, anasema ni mapenzi hayo, mtoto wa miaka kumi na sita asiyelala ana mtu. Wakacheka jikoni. Mimi nikaomba nione daftari lake la fizikia.

Mwandiko wake wa Mei umenyooka kama umechapwa. Wa juzi unapanda na kushuka, herufi zinatetemeka. Nililifunga nikalirudisha mezani.

Jumatano, 3 Julai

Binti yangu: mapigo 118. Kilo 43.1. Mikono imelowa jasho kwenye baridi hii, viganja vyekundu, ngozi inachunika ncha za vidole.

Wengine watano karibu hivyo hivyo. Wiki iliyopita niliwakatia wino mwekundu bila kupepesa jicho. Leo kalamu ilifika kwenye jina la mwanangu ikakataa. Mkuki kwa nguruwe! Sikukata jina la mtu. Wastani umekuwa 84 na nimeuacha hapo.

Alhamisi, 4 Julai

Siwezi kukaa.

Ilikuwa zamu ya istilahi ya thelathini na moja. Uvukizi — kioevu kugeuka mvuke polepole kutoka juu yake, hata kabla hakijachemka. Joto likizidi, uvukizi huzidi. Nikatoa mfano wa nguo kwenye kamba. Yule mcheshi wa mbele akanyoosha mkono: kioevu chochote, Mwalimu? Hata zebaki? Nikamjibu bila kufikiri, kwa sauti ya mwalimu — hata zebaki, mwanangu, tena mvuke wake ni sumu, hauonekani wala haunuki. Andikeni.

Wakaandika. Vichwa thelathini na nane vimeinama. Na mimi nimesimama, nikasikia hita inanguruma kule nyuma. Chini ya meza. Juu ya mbao.

Nilimaliza kipindi. Sijui nilisema nini.

Ijumaa, 5 Julai

Wanafunzi walipokwenda michezoni nilijifungia maabara. Nimezima hita. Nikapiga magoti chini ya meza ya nyuma, nikabandua ubao mmoja kwa bisibisi. Nikamulika.

Ziko nyingi. Zimelala kwenye vumbi zinametameta, nyingine ndogo kuliko mbegu ya mchicha. Pale hita ilipokaa, mbao zenyewe zilikuwa bado za vuguvugu.

Gramu 312. Nimepiga hesabu, vijiko vinne na nusu vya chai. Kwa uzani ungesema si kitu. Kwa mvuke — nilifungua kitabu nikasoma dalili. Mikono kutetemeka. Fizi. Hasira. Kukosa usingizi. Mapigo ya moyo. Kupungua mwili. Ladha ya chuma mdomoni. Kila mstari nilikuwa nao tayari, umeandikwa kwa mkono wangu, una tarehe.

Jedwali lilikuwa linaniambia tangu wiki ya pili. Nikaliziba mdomo kwa wino mwekundu.

Jumamosi, 6 Julai

Nimekwenda kwa Mzee. Anakaa chumba kimoja na mkewe, kisafi, redio imefunikwa kitambaa. Mkewe alinikaribisha kwa uso mkavu. Mzee yuko kitandani, anapewa uji kwa kijiko.

Nilikuwa nimeandaa maneno. Yeye ndiye aliyeanza. "Umebandua mbao?" Nikasema nimebandua. "Ubao mmoja?" Mmoja. Akafumba macho. "Bandua zote, mwanangu. Na watoto watoe."

Mkewe akauliza tunaongelea nini. Mzee akasema, kazi, mama, kazi tu. Alinifichia! Baada ya yale yote, alinifichia mbele ya mkewe. Nililia njiani, mtu mzima.

Jumatatu, 8 Julai

Tuko hospitali na binti yangu. Kalazwa. Presha yake ni ya mtu wa miaka sitini.

Daktari ni kijana, mtulivu, anaandika kila kitu. Amefikiria tezi ya shingo, amefikiria moyo. Halafu akaweka kalamu chini akauliza: kuna dawa ya wadudu nyumbani? Rangi? Betri? Kuna kitu chochote huyu mtoto anakivuta au kukishika?

Mke wangu akasema hakuna. Akanigeukia. Na mimi nikasema, hakuna ninachokikumbuka.

Naliandika kama lilivyo. Mtoto wangu yuko kitandani, waya kifuani, na mimi nikajitia hamnazo.

Jumanne, 9 Julai

Sikulala. Alfajiri nilimsubiri daktari mlangoni kwake nikamwambia. Zebaki, sakafu, hita, wiki nne. Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Akauliza, chumba hicho wanaingia wanafunzi wangapi? Nikasema thelathini na nane wa kwangu, na madarasa mengine mawili. Akaandika. Kisha akasema mkojo wa saa ishirini na nne utapelekwa maabara kubwa, majibu yatatoka Jumatano ijayo, tarehe 17. Kabla ya hapo yeye hawezi kuandika neno sumu kwenye karatasi. Ila chumba kifungwe leo. Alirudia: leo.

Nikaenda kwa Kengele. Na hapa ndipo nilipoharibu mara ya pili.

Nilimwambia kuna zebaki chini ya sakafu. Akauliza imetoka wapi, baromita si iko kwa fundi? Swali dogo tu. Nikasema — Mzee aliivunja. Alipokuwa anaiteremsha kuipeleka. Akaficha.

Ulimi hauna mfupa. Ulisema wenyewe, mimi nikausikiliza. Kengele akanitaka niandike. Nikaandika, nikatia saini. Ili nisionekane mzembe kwa kukaa kimya, nikaongeza kwamba yalikuwa matone machache na kwamba Mzee aliyafuta.

Jumatano, 10 Julai

Kengele kanijibu leo. Kasoma barua yangu kwa utulivu, mwanamke wa haki, huwezi kumlaumu. Kasema: matone machache, yamefutwa, na mlevi. Kwa hili nifunge maabara siku tano kabla ya mtihani wa taifa? Ukumbi hauna gesi wala mabomba ya maji. Watoto wakikosa mtihani wa vitendo, mwaka wao umekwenda. Niletee karatasi ya daktari, nitafunga saa hiyo hiyo.

Karatasi ya daktari ni tarehe 17. Mtihani ni tarehe 15, 16 na 17.

Nilipiga simu idara ya afya. Afisa wao atafika Alhamisi ijayo, tarehe 18.

Masomo yamesimama kwa maandalizi ya mtihani, angalau hilo. Nimemwaga unga wa salfa kwenye nyufa, uifunge zebaki isitoe mvuke, kama kitabu kinavyosema. Unashika juu tu. Huko chini hakuna mkono unaofika bila kufumua sakafu, na seremala wa shule hafumui kitu bila saini ya Mkuu.

Ijumaa, 12 Julai

Kengele amepita maabara kukagua. Akakuta baridi. Akaniuliza mbele ya walimu wenzangu kwa nini hita imezimwa, watahiniwa wataandika kwa vidole vilivyoganda? Akaagiza zije hita tatu.

Tatu! Nikamwambia Mkuu, nakuomba. Akasema Mwalimu, pole na mgonjwa wako, najua una mawazo. Nenda kapumzike, msimamizi atatoka shule nyingine.

La kuvunda halina ubani. Nililolitia uongo mwenyewe, sasa ukweli hauingii.

Jumapili, 14 Julai

Hospitali, mchana. Binti yangu anaweza kukaa. Mapigo 106. Nimeyahesabu mwenyewe alipokuwa amelala, sijui kwa nini bado nahesabu.

Wenzake wawili wa meza ya nyuma walikuja kumwona. Walipoondoka akasema: Baba, na wao mikono inawachunika. Wamenionyesha. Wanadhani ni sabuni ya bweni.

Kisha akaniomba nimtoroshe kesho asubuhi akafanye mtihani, nimrudishe mchana. Alikuwa amepanga kila kitu, nani atamkopesha sare, nani atamshikia mlango. Nikamwambia haiwezekani. "Kwa nini? Mbona wengine wanaingia?"

Nikamwambia. Yote. Nyundo, ufagio, gramu, wino mwekundu, Mzee. Sikujua mke wangu amesimama nyuma yangu na chupa ya chai.

Binti yangu hakulia. Aliangalia viganja vyake. Mke wangu akauliza neno moja, "Tangu lini?" Nikasema, nimejua kwa hakika tangu tarehe tano. Akasema, sikuulizi kwa hakika. Akaweka chupa ya chai chini taratibu, akavuta kiti chake upande wa pili wa kitanda, akanipa kisogo.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini haya maradhi si yangu niliyoyaficha. Ni ya watoto wa watu.

Jumatatu, 15 Julai

Saa mbili kasoro robo asubuhi. Niko ndani ya maabara.

Nimekuja kabla ya mlinzi kubadilisha zamu. Mlango nimeufunga kwa ndani, nimesukuma kabati la vioo likauzuia. Madirisha yote wazi, hita zote tatu nimezichomoa. Nimevaa koti na kofia, naandika nimeegemea meza ya mbele. Mkono unatetemeka. Baridi, au vinginevyo.

Watahiniwa wamepanga foleni uani. Nawaona. Kalamu, rula, vikokotoo kwenye mifuko ya plastiki. Wananiona na mimi. Mmoja amenipungia mkono kwa aibu.

Saa mbili kamili. Kengele imelia, na Mkuu amefika nayo.

Kasema fungua, Mwalimu. Kasema kwa upole mara mbili, mara ya tatu si kwa upole. Nikamwambia kupitia mlangoni: chini ya sakafu hii kuna zebaki gramu 312, nimeimwaga mimi, si Mzee. Foleni ikageuza vichwa. Wamesikia wote, basi.

Akajibu bila kupandisha sauti, na ndiyo iliyoniuma. Kitabuni kwangu uliandika baromita iko kwa fundi. Barua yako inasema Mzee aliivunja, matone machache, akayafuta. Leo asubuhi ni wewe, na ni gramu mia tatu. Nikuamini wewe yupi? Nina watoto mia na kumi na mtihani wa taifa. Nipe kitu cha kushika mkononi.

Sina karatasi ya daktari. Sina afisa wa afya. Nina daftari hili.

Nimechana. Tarehe 8 Juni. Tarehe 12, ya hita. Tarehe 26, ya wino mwekundu. Tarehe 28. Tarehe 5 Julai. Nikafikiri kidogo, nikachana na ya tarehe 8 Julai, ya hospitali, na ya 9. Nimezisukuma chini ya mlango moja moja. Ya mwisho ilipokwisha kupita ndipo nilipokumbuka jina nililomwita humo. Basi. Alisome na hilo.

Hodi zimekoma. Namsikia anasoma. Anasoma polepole, midomo yake inatoa sauti kidogo, sikujua kama ana tabia hiyo. Karatasi moja imegeuzwa. Nyingine.

Mwanafunzi mmoja kaanza kulia. Sijui nani. Mwenzake anamwuliza, nionyeshe mikono yako. Nionyeshe, nionyeshe. Sasa foleni imevunjika, wanageuza viganja juani.

Seremala amefika, nasikia vyuma kwenye mfuko wake. Ameitwa kuvunja kitasa. Anasema niko tayari, Mkuu.

Msimamizi wa mtihani naye anasema muda umekwisha kupita, mama, waingie au wasiingie?

Hajawajibu. Karatasi nyingine imegeuzwa.